Jinsi ya Kuunda Dakota ya Skeli ya 1/72, Kuanzia Kisanduku Hadi Kabatini

Kabla ya kufungua kisanduku cha modeli, amua kwanza ndege unayotaka kuiunda ni ya mwaka gani. Wanaoanza kazi hii huwa na haraka ya kushika gundi, na mimi pia nilianza hivyo, lakini mwaka ndio unaoamua karibu kila kitu kinachofuata. Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki iliyoruka kutoka Eastleigh mwaka 1955, kabla uwanja wa Embakasi haujafunguliwa mwaka 1958, ilibeba ubavuni herufi za usajili zilizoanza na VP-K. Miaka kumi na mitano baadaye shirika lilikuwa limegawanya usajili wa ndege zake katika nchi wanachama, kwa hiyo ungeona 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda au 5H ya Tanzania. Ukichanganya rangi za mwaka mmoja na herufi za mwaka mwingine, utakuwa umeunda ndege ambayo haikuwahi kuwepo, na mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi kiwanjani ataligundua kosa hilo kabla hajamaliza chai yake.

Nimechagua Dakota kwa sababu ndiyo ndege niliyokua nikiitazama. Baba alikuwa dereva wa lori la Bedford lililoleta kabichi kutoka Kinangop hadi Marikiti, na siku aliyomaliza kupakua mapema alipita Barabara ya Lang'ata na kuegesha kando ya uzio wa uwanja wa ndege wa Wilson ili tuone ndege zikiwashwa. Injini ya Dakota haiwaki kwa mara moja. Rafadha huzunguka polepole, silinda moja inakohoa, ya pili inaitikia, kisha wingu la moshi wa samawati linafunika bawa zima, kwa kuwa mafuta huchuruzika na kukaa katika silinda za chini wakati injini imelala. Moshi huo una nafasi yake katika modeli, nami nitaurudia tutakapofika kwenye rangi.

Ndege yenyewe, yaani Douglas DC-3, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 huko California. Toleo lake la kijeshi ni C-47, ambalo Waingereza waliliita Dakota, na jina hilo ndilo lililobaki vinywani mwa watu wa huku. Ndege nyingi za aina hii zilizobeba abiria baada ya Vita Vikuu vya Pili zilikuwa C-47 zilizobadilishwa, na alama ya kuzitambua ni mlango mpana wa mizigo, wenye vipande viwili, upande wa kushoto karibu na mkia. Angalia picha ya ndege uliyoichagua uone mlango wake ukoje kabla ya kununua kisanduku, kwa sababu visanduku vingine vina mlango mdogo wa abiria na vingine vina huo mpana, na kuugeuza baadaye ni kazi ya kuumiza kichwa.

Kuhusu skeli, hesabu ni nyepesi. Mabawa ya Dakota yana upana wa takriban mita 29 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa ndege ni kama mita 19.7. Ukigawanya kwa 72 unapata sentimita 40 kwa 27, ukubwa unaotosha meza ya kawaida na unaokuwezesha kuchora mambo madogo bila kioo cha kukuzia. Katika skeli ya 1/144 vipimo hivyo hupungua kwa nusu. Kabati litashukuru, lakini macho yatalalamika. Kwa mtu anayeanza, ninashauri 1/72 bila kusita. Visanduku vya skeli hii vimetengenezwa na kampuni kadhaa, zikiwemo Airfix ya Uingereza na Italeri ya Italia, na Nairobi huwafikia wengi kwa kuagizwa kutoka nje au kwa jamaa anayerudi nyumbani na nafasi kidogo kwenye sanduku lake.

Vifaa vingine vyote vinapatikana mjini. Utahitaji kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, kibano cha kunyolea nyusi, koleo ndogo ya kukatia nyaya, msasa wa maji wa namba 400, 800 na 1200 kutoka duka la rangi za magari, puti laini ya magari, utepe wa karatasi wa wapaka rangi, na brashi mbili au tatu nzuri. Usibane pesa kwenye brashi. Brashi inayoacha nywele kwenye rangi itakupotezea saa nyingi kuliko shilingi ulizookoa.

Osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo vikiwa bado kwenye fremu zake, kwa sababu hutoka kiwandani vikiwa na mafuta yanayokataa rangi. Kata kila kipande kwa koleo ukiacha kishina kidogo, kisha ondoa kishina hicho kwa wembe na msasa. Usikivunje kwa vidole hata siku moja, maana plastiki huchanika na kuacha shimo mahali ambapo jicho litaangukia kila siku.

Anza na chumba cha rubani na injini, kwa sababu ukishafunga bodi hutaweza kuingia tena. Injini za Dakota ni mbili, za Pratt & Whitney Twin Wasp, kila moja ikiwa na silinda 14 zilizopangwa kwa safu mbili za saba saba kuzunguka mhimili. Hapa ndipo ninapotumia jioni nzima bila kujutia. Paka silinda rangi ya fedha iliyofifishwa kwa tone la nyeusi, iache ikauke, kisha chukua rangi nyeusi iliyozimuliwa hadi iwe kama chai ya rangi na uiguse kwenye ncha ya kila silinda. Itakimbia yenyewe na kuingia katika mistari midogo ya mapezi ya kupozea, na utaona kipande cha plastiki kinageuka chuma mbele ya macho yako. Sanduku la gia lililoko mbele ya injini lipake kijivu. Nyaya za plagi unaweza kuziongeza kwa uzi mwembamba wa shaba uliotolewa ndani ya waya wa simu ya zamani, lakini hilo ni la hiari; likikushinda, kifuniko cha injini kitaficha sehemu kubwa.

Sasa unganisha bodi. Gundi ya plastiki haishikishi tu, bali huyeyusha kidogo nyuso mbili na kuzifanya kitu kimoja, kwa hiyo tumia kidogo sana na uielekeze kwenye mshono kwa brashi ili ijivute yenyewe. Funga nusu mbili za bodi kwa utepe na raba za kufungia noti, uiache usiku kucha. Asubuhi utakuta ukingo mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka umetokeza kwenye mshono. Huo ndio unaoutaka, kwa kuwa ukiupiga msasa mshono hupotea. Palipobaki ufa, weka puti kidogo, ngoja ikauke kabisa, kisha piga msasa wa maji ukianza na 400 na kumalizia na 1200. Usiogope kurudia mara tatu. Ufa wa milimita 5 kwenye ndege halisi ungekuwa milimita 0.07 kwenye modeli yako, sawa na unene wa unywele, kwa hiyo mshono wowote unaoweza kuuhisi kwa ukucha ni mkubwa mno kwa skeli hii.

Mabawa yanataka uangalifu wa aina nyingine. Sehemu ya katikati, inayobeba injini, imelala sawa, lakini mabawa ya nje hupanda juu kidogo kuelekea nchani, na pembe hiyo lazima ilingane kulia na kushoto. Weka bodi mezani, panga viberiti au vitabu vyembamba chini ya kila ncha hadi urefu ulingane, pima kwa rula kutoka mezani, ndipo utie gundi. Kisha simama mbele ya ndege, inama hadi macho yako yawe sawa na meza, na uitazame usoni. Jicho hutambua upotofu ambao rula imeukosa.

Dakota ina fadhila moja kwa mjenzi: hukaa kwa mkia. Ndege yenye gurudumu la mbele, kama Fokker Friendship ambayo shirika lilianza kuitumia mwaka 1962, huhitaji uzito puani ili isianguke nyuma, lakini Dakota hujitua yenyewe ikiwa imeinua pua, kama ilivyokuwa wakati abiria walipopanda ujia wa ndani kana kwamba wanapanda kilima. Hakikisha tu magurudumu makubwa yamesimama wima kabla gundi haijakauka.

Madirisha niyaeleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu niliharibu modeli nzima hapo. Nilitumia gundi kali inayokauka papo hapo, na asubuhi nilikuta kila kioo kimeota ukungu mweupe usiofutika, kwa kuwa mvuke wa gundi hiyo huganda juu ya plastiki angavu. Tangu siku hiyo madirisha nayabandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Hukauka ikiwa angavu, na ikizidi hufutika kwa kitambaa chenye maji.

Katika kupaka rangi, hali ya hewa ya Nairobi ni rafiki kwa miezi mingi na adui kwa michache. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Januari na Februari hewa huwa kavu kiasi kwamba rangi ya kupuliza inaweza kukauka kabla haijafika na kuacha uso wenye chengachenga. Sogea karibu kidogo. Aprili na Mei, mvua za masika zinaponyesha, unyevu huingia katika rangi na kuifanya iwe na utando mweupe. Katika miezi hiyo mimi hupuliza rangi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa, siku yenye jua tu, na huloweka mkebe katika maji ya vuguvugu kwa dakika chache kwanza. Fungua madirisha, funika pua na mdomo, na usipulize rangi karibu na jiko linalowaka.

Anza na rangi ya msingi ya kijivu, ambayo itakuonyesha kila mshono uliodhani umeumaliza. Sehemu zitakazobaki rangi ya bati zinahitaji nyeusi inayong'aa chini yake. Fedha ikikaa juu ya nyeusi laini hung'aa kama alumini, ilhali juu ya kijivu hufanana na sufuria kuukuu. Mashirika mengi yalipaka paa la ndege nyeupe ili kupunguza joto la jua, na nyeupe ndiyo rangi ngumu kuliko zote. Pitisha mikono minne au mitano myepesi, ukisubiri kati yake, wala usijaribu kuifunika kwa mkono mmoja mzito.

Kama stika za kisanduku si za shirika unalolitaka, zitengeneze. Pima herufi kwa kulinganisha kwenye picha: ikiwa kimo cha herufi ni nusu ya kimo cha mlango pichani, na iwe hivyo kwenye modeli. Chora kwenye kompyuta, kisha peleka karatasi maalumu ya stika za maji kwa wachapaji wa River Road na uwaombe watumie mashine ya leza, kwa sababu wino wa kawaida huyeyuka majini. Mashine hizo hazichapi nyeupe, kwa hiyo herufi za rangi nzito juu ya paa jeupe ndizo zitakazokutoka vizuri. Uso unaopokea stika lazima ung'ae; paka vanishi kwanza, la sivyo hewa itanaswa chini yake na kuacha alama za kijivu. Loweka stika kwa nusu dakika, iteleze kutoka kwenye karatasi kwa brashi yenye maji, iweke mahali pake, na ukamue maji kwa kitambaa kuanzia katikati kwenda pembeni.

Ule moshi sasa. Saga chaki laini nyeusi na ya kahawia iwe unga, chovya brashi kavu, na uivute kutoka kwenye ekzosi kuelekea nyuma, njia ileile ambayo hewa ingeupeleka. Chini ya kifuniko cha injini ongeza mchirizi mmoja au miwili ya kahawia inayong'aa, maana injini hizi huvuja mafuta hata zikiwa na afya. Kwenye magurudumu weka vumbi jekundu la ardhi yetu, lililochekechwa kwa soksi kuukuu ya nailoni. Acha hapo, ndege ya abiria ilioshwa.

Kando ya Dakota yangu nimeweka lori la Bedford, aina ya TJ iliyotoka mwaka 1958, likiwa limerudi kinyumenyume hadi karibu na mlango wa mizigo. Modeli nyingi za malori ya Kiingereza ni za skeli ya 1/76, iliyotokana na reli za kuchezea, na tofauti yake na 1/72 ni kama asilimia tano. Lori likisimama hatua moja nyuma ya bawa, tofauti hiyo haionekani; likigusana na mlango, linaonekana dogo. Mbavu za bodi ya nyuma niliziunda kwa njiti za kiberiti, na kabichi kwa punje za mtama zilizopakwa kijani. Kisanduku cha kioo nilitengenezewa na fundi wa vioo kwa vipimo vya sentimita 50 kwa 40, kimo 20, nami nimekiweka mbali na dirisha, kwa sababu jua la mchana huifanya nyeupe igeuke njano na kuikunja stika pembeni. Kabla ya kukifunga, pitisha brashi laini juu ya mabawa uondoe vumbi, na ugeuze ndege kidogo ili ule mlango wa kushoto uwaelekee watakaoingia.