Kupiga picha za matatu na treni ndogo zionekane za kweli, hatua kwa hatua

Ukiwa na kigari cha sentimita saba na simu ya kawaida, unaweza kupata picha ambayo mtu wa Kondele, mtaa wa Kisumu, ataitazama na kuuliza hiyo ni stendi gani. Bei ya modeli haina uzito mkubwa hapa. Kuna matatu za kartoni ambazo kwenye picha zinaonekana ziko tayari kubeba abiria wa Busia, na kuna vichwa vya treni vya bei ghali vinavyoonekana vimewekwa juu ya meza, kwa sababu aliyepiga alisimama wima akaviangalia kutoka juu. Mimi hufuata kanuni moja: ukipunguza gari, mpunguze na mpiga picha. Punguza kimo cha macho yake na umbali anaosimama. Punguza pia mawe anayoyakanyaga. Karibu yote yaliyo hapa chini yanatoka kwenye kanuni hiyo.

Hatua ya 1: Jua skeli, kisha piga hesabu

Skeli ni idadi ya mara ambazo kitu kimepunguzwa: 1:64 maana yake modeli ni ndogo mara 64 kuliko gari halisi. Geuza kigari uangalie tumboni. Vingi vinavyouzwa kwenye mitumba ya vichezeo ni vya 1:64 au karibu na hapo, na vile vikubwa zaidi ni 1:43 au 1:24. Kama unajitengenezea mwenyewe, HiAce ya kawaida ya abiria 14 ina urefu wa takriban mita 4.7, kwa hiyo kwa 1:64 inakuwa sentimita 7.3. Usichanganye skeli kwenye picha moja. Bodaboda ya 1:24 ikisimama kando ya matatu ya 1:64 inaharibu kila kitu, hata kama kila moja imetengenezwa kwa ustadi.

Kwa upande wa reli kuna jambo ambalo wengi hulipita. Njia ndogo inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ya HO, skeli mojawapo ya treni za modeli, yenye milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Kwa skeli yake ya 1:87, hiyo ni milimita 1,435, yaani upana wa SGR, reli mpya ya Kenya. Reli ya zamani inayotoka Nakuru, ikapitia Njoro, Molo, Londiani, Fort Ternan na Muhoroni hadi Kisumu, ilikofika mwaka 1901, ni ya mita moja tu. Ukiweka behewa la Kisumu la 1:87 juu ya njia ya HO, magurudumu yanatanuka na mtu aliyekulia karibu na stesheni ataona kuna kasoro hata kama hataweza kuitaja. Una njia mbili za kutoka. Tafuta njia ya milimita 12 kwa modeli za 1:87, au tumia njia hiyo hiyo ya 16.5 ila utengeneze mabehewa kwa 1:64. Hesabu ya pili inatoa milimita 1,056, na hakuna jicho litakalogundua tofauti hiyo. Mimi napenda hii ya pili, maana treni na matatu vinakuwa skeli moja na naweza kuvikutanisha kwenye kivuko cha reli cha Kibos.

Hatua ya 2: Shusha kamera hadi kimo cha mtu

Macho ya mtu mzima aliyesimama yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kwa 1:64 hiyo ni sentimita 2.5. Kwa 1:87 ni chini ya sentimita 2. Lenzi yako iwe hapo. Geuza simu kichwa chini, ili lenzi zilizo juu mgongoni zikaribie ardhi, kisha iegemeze kwenye tofali. Weka kipima muda cha sekunde 3 ili kidole chako kisiitikise.

Umbali nao una hesabu yake. Mtu anayepiga picha ya matatu barabarani husimama mita 10 hadi 16. Kwa 1:64 hiyo ni sentimita 16 hadi 25. Ukisogea hadi sentimita 5, umekuwa mtu aliyebandika pua kwenye bampa, na gari litavimba mbele. Rudi nyuma, piga, halafu ukate kingo baadaye. Kwa treni ndefu umbali unaongezeka. Zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester katika miaka ya 1950, zina urefu wa zaidi ya mita 31 (namba 5918, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli Nairobi, na inafaa kuitembelea kabla ya kuiunda). Kwa 1:87 inakuwa kama sentimita 36. Ili uipate yote kwa ubavu, weka simu sentimita 35 au zaidi.

Picha ya juu inaruhusiwa pale ambapo mtu angeweza kuwa juu. Ukitaka mwonekano wa ghorofa ya pili, mita 6, weka lenzi kwenye sentimita 9. Usipite hapo bila sababu.

Hatua ya 3: Hakikisha mbele na nyuma vinaonekana vizuri

Ukungu wa fokasi ndio unaoumbua modeli haraka kuliko kitu kingine. Jicho limezoea kwamba kitu kilicho karibu sana ndicho kinachokuwa na nyuma yenye ukungu, kwa hiyo likiona pua ya basi iko safi na mkia wake haueleweki, linahesabu kuwa basi ni dogo. Zima hali ya potreti kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kuongeza ukungu huo. Simu ina faida hapa: sensa yake ni ndogo, nayo hushika sehemu kubwa ya tukio kwa fokasi. Mwenye kamera kubwa afunge apacha (tundu la lenzi) hadi f/11 au f/16, atumie tripodi, na aache shata ibaki wazi muda mrefu.

Kama bado haitoshi, piga picha kadhaa bila kusogeza chochote, fokasi ikianzia mbele, kisha katikati, kisha nyuma. Programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker huchukua sehemu safi ya kila picha na kuziunganisha.

Hatua ya 4: Tengeneza ardhi kwa chujio

Kokoto za reli zina ukubwa wa kama sentimita 5. Kwa 1:64 zinatakiwa ziwe chini ya milimita moja. Kwa hiyo chekecha mchanga kwa chujio la chai, na kinachobaki juu ukitupe. Udongo mwekundu wa barabara ya vumbi uchekeche kwa kitambaa chepesi, mara mbili. Kwa rangi hakuna cha kununua kitakachoushinda udongo wenyewe, na ule wa Njoro si sawa na mweusi wa Nyando, basi chukua wa mahali unapopaonyesha. Mwaga gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kwenye ubao, nyunyizia udongo, acha ukauke.

Mataruma yafunike kidogo kingo zake, na matairi ya gari yazame nusu milimita kwenye udongo. Gari halisi lina uzito wa tani kadhaa, na kigari kinachoelea juu ya ardhi hakishawishi mtu. Nyasi nazitoa kwenye nyuzi za mkonge zilizokatwa vipande vya milimita 3 hadi 5. Kwa mashamba ya miwa ya Muhoroni, maua ya nyasi zilizokauka hufaa.

Hatua ya 5: Litumikishe gari

Gari jipya la kiwandani linang'aa kupita kiasi. Lipake vanishi isiyong'aa, kisha upitishe vumbi laini la udongo kwa brashi kavu. Anza chini karibu na matairi, kisha nyuma, ambako vumbi la safari hutulia. Acha kioo cha mbele na alama za waipa. Geuza magurudumu ya mbele kidogo kama yanaweza kugeuka. Matatu bila mstari wa manjano ubavuni haitaaminika na Mkenya, kwa sababu mstari huo tumeuzoea tangu kanuni za waziri wa uchukuzi John Michuki mwaka 2004.

Angalia pia usukani. Vigari vingi vya kichezeo ni vya Marekani na Ulaya, usukani uko kushoto. Vioo vikiwa angavu, itaonekana. Paka ndani rangi nyeusi, au piga kutoka upande ambao usukani hauonekani.

Hatua ya 6: Toa ubao nje

Hapa ndipo picha inapozaliwa, kwa hiyo sikimbii. Taa mbili za nyumbani hutoa vivuli viwili, na hakuna mahali duniani penye majua mawili. Nje una jua moja linaloangaza modeli na mandhari ya nyuma kwa pembe ile ile. Tuko karibu kabisa na ikweta, hivyo saa sita na saa saba mchana jua liko utosini na kivuli kinajificha chini ya gari. Piga kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Saa tatu hivi kivuli ni kirefu kidogo kuliko kitu chenyewe, na umbo linajitokeza. Jioni baada ya saa kumi pia ni sawa, ila Kisumu upepo wa ziwa huwa umeshaanza kusukuma kartoni.

Kimo cha meza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Matatu iliyo sentimita 25 mbele ya lenzi inaonekana kama iliyo mita 16, na nyumba ya kweli iliyo mita 40 inaonekana kama iliyo mita 40. Vinakubaliana bila hesabu nyingine, mradi lenzi iwe kwenye kimo cha macho ya mtu kutoka ardhi ya kweli. Kwa hiyo inua ubao hadi chini kidogo ya macho yako, hata kwa kupanga makreti ya soda. Ukiuacha chini, nyumba za nyuma zitaonekana zimeinama juu ya gari. Ukiupeleka juu ya ghorofa, itaonekana barabara yako iko mlimani, na hilo ni zuri kama ndilo unalolitaka.

Kwa mwelekeo: Kisumu asubuhi elekea magharibi, ziwa likiwa nyuma ya modeli na jua mgongoni kwako. Jioni geukia mashariki, milima ya Nandi ikiwa imewaka. Nakuru una bahati, kwani Menengai iko kaskazini mwa mji, kwa hiyo asubuhi na jioni zote inapata mwanga wa ubavu. Ukitumia bango lililochapishwa badala ya mandhari halisi, upeo wa macho uliomo kwenye bango uwe sawasawa na kimo cha lenzi.

Hatua ya 7: Maji na moshi

Hivi havipungui. Tone la maji ni kubwa vile vile mbele ya kigari, na moshi wa ubani unajikunja mikunjo mikubwa mno. Dimbwi litengeneze kwa gundi angavu, tabaka baada ya tabaka. Moshi wa garimoshi uache kabisa, au uuongeze wakati wa kuhariri.

Hatua ya 8: Hariri kidogo

Ikuze picha uipitie pole pole. Unywele mmoja ukikuzwa mara 64 unakuwa na unene wa milimita kadhaa, kwa hiyo ufute, pamoja na alama za vidole na gundi iliyomwagika. Programu ya simu ya Snapseed inatosha. Kisha fifisha kidogo vitu vya modeli vilivyo nyuma na uviongezee ubuluu hafifu, kwa kuwa mita mia za hewa ya kweli hufanya hivyo na sentimita 150 za meza yako haziwezi. Ukali wa picha usiuongeze.

Picha ya ajali usiisambaze bila maandishi juu ya picha yenyewe kuwa ni modeli. Itapita kwenye WhatsApp, maelezo yatabaki nyuma, na kuna mama atakayeanza kumpigia simu mwanawe aliye safarini.

Hatua ya 9: Usiku

Tumia balbu ndogo za LED zenye mwanga wa njano, moja kwa kila taa, na uzifunike kwa kipande cha karatasi ya shashi ili mwanga usichome. Zima flashi. Piga robo saa baada ya jua kuzama, mbingu zikiwa bado na buluu. Shusha mwanga wa picha kwenye simu hadi taa za matatu ziache kuwa madoa meupe, na kama vivuli vimekuwa vyeusi mno, rudisha mwanga kwa kuweka karatasi nyeupe upande wa pili.