Muhtasari wa MCM msiuache saa ya mwisho

Wanachuo mnaojiandaa na MCM, shindano la modeli za hisabati (kueleza tatizo la maisha halisi kwa hesabu) linaloendeshwa na taasisi ya COMAP ya Marekani tangu 1985, nawasihi: ukurasa wa muhtasari wa ripoti yenu utoleeni hata usingizi wenu. Timu ni watu wasiozidi watatu, siku ni nne tu, na jaji huanza na ukurasa huo kabla ya kurasa nyingine zote. Mmoja wenu aanze kuandika tangu siku ya kwanza, wenzake wakihangaika na milinganyo na programu. Tajeni majibu yenyewe. "Modeli yetu ni nzuri" haimwambii jaji kitu. "Dirisha moja likiongezwa, foleni inashuka kutoka dakika 14 hadi 9" inamwambia. Kisha badilisheni kidogo makadirio mliyoanza nayo, mwone kama jibu linayumba, na mliandike hilo pia.