Unataka kusoma nyota? Hivi ndivyo unavyochagua shahada ya fizikia

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana huniuliza swali moja: "Mwalimu, chuo gani kina shahada ya astronomia?" Nafundisha fizikia na kuchakata data za darubini za redio, na jibu langu halibadiliki. Ukipata nafasi Chuo Kikuu cha Nairobi, wana shahada ya astronomia na astrofizikia. Usipoipata hujakosa kitu, maana shahada nzuri ya fizikia inakufikisha kulekule, na njiani inakuachia milango mingi zaidi. La muhimu ni kujua ipi ni nzuri.

Hatua ya 1: Kombi

Kama bado uko kidato cha nne, lenga PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati). Hisabati ya juu haina mbadala, BAM (hisabati ya msingi) haitoshi.

Hatua ya 2: Soma orodha ya kozi, usisome jina la shahada

Chukua mwongozo wa chuo, fungua ukurasa wa idara ya fizikia, upitie kozi muhula kwa muhula. Unatafuta mekanika, sumakuumeme, thermodinamiki, fizikia ya kwanta, na kalkulasi isiyoishia mwaka wa kwanza. Tafuta pia takwimu na uandishi wa programu za kompyuta.

Nikuonyeshe sababu. Hidrojeni baridi iliyotapakaa katika galaksi yetu hutoa mawimbi ya redio ya masafa ya megahezi 1420 hivi. Kwa nini 1420 na si 1000? Hapo unajibiwa na kwanta. Antena inayanasaje? Sumakuumeme. Kelele ya kipokezi inatoka wapi, na kwa nini vipokezi vingine hupozwa hadi baridi kali? Thermodinamiki. Masafa yakisogea kidogo, tunajua wingu lile linatujia au linatukimbia, na kwa kasi gani. Kipimo kimoja tu, na karibu shahada nzima imo ndani yake. Chuo kikiwa na kozi moja ya "utangulizi wa astronomia" lakini kwanta ni ya kuchagua, mimi ningekipita.

Hatua ya 3: Waulize wa mwaka wa tatu

Maswali mawili tu: vifaa vya maabara vinafanya kazi kweli, na kila mwanafunzi anafanya mradi wake wa utafiti? Wao watakwambia ukweli ambao tovuti ya chuo haisemi.

Hatua ya 4: Anza Python mwaka wa kwanza

Ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Usisubiri kufundishwa. Darubini ya Gaia ya Ulaya ilitoa mwaka 2022 orodha ya nyota zipatazo bilioni 1.8, na yeyote anaweza kuichota bure. Anza na Kilimia, kundi lilelile ambalo wakulima wetu walilitazama kujua majira. Omba nyota zilizo ndani ya digrii 2 kutoka katikati yake, zinazong'aa kupita daraja la mwangaza la 15 (namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi). Faili ni dogo, kifurushi cha kawaida kinatosha.

Chora histogramu ya paralaksi, yaani jinsi nyota inavyoonekana kuyumba kidogo Dunia ikizunguka Jua: ikiwa mbali, huyumba kidogo zaidi. Nyota nyingi zitarundikana upande wa namba ndogo. Hizo ziko mbali, nyuma ya kundi. Lakini karibu na milisekunde za tao 7.4 utaona kilima kidogo kimejitenga. Ndiyo Kilimia yenyewe. Gawanya 1000 kwa 7.4 upate parsek 135, sawa na miaka ya nuru 440 hivi. Umepima umbali wa nyota ukiwa bwenini! Kisha chuja kwa mwendo wa nyota angani, uone kilima kinavyosafika.

Hatua ya 5: Mzazi akiuliza kuhusu ajira

Ni swali la haki, mjibu kwa heshima. Mwenye fizikia anaweza kufundisha, kufanya kazi za hali ya hewa au kinga ya mionzi, au kuchambua data benki. Astronomia yenyewe huhitaji uzamili na mara nyingi uzamivu, kwa hiyo mweleze mapema kwamba safari ni ndefu.

Hatua ya 6: Andaa uzamili ukiwa mwaka wa pili

Afrika Kusini ndiko karibu zaidi penye vifaa vikubwa: darubini ya redio ya MeerKAT, yenye antena 64, iko Karoo. Programu ya NASSP, ya mafunzo ya astrofizikia na sayansi ya anga, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 2003, hupokea wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika, na wengi huanza na mwaka wa maandalizi kabla ya uzamili. Wataangalia alama zako za fizikia na hisabati, pamoja na barua za walimu.

Barua hizo ndizo huwaangusha wengi. Mwalimu anayekukumbuka kwa namba ya usajili tu ataandika mistari minne isiyo na uzito. Kwa hiyo mwaka wa pili chapisha histogramu yako ya Kilimia, ubishe hodi ofisini kwake, umwombe akuonyeshe ulipokosea.