Kujenga Programu kwa Kompaila Iliyomo Tayari kwenye Kompyuta

Mradi unaotegemea LLVM, yaani mkusanyiko wa maktaba na zana za kuundia kompaila, wakati mwingine hupakua msimbo wote wa LLVM na kuujenga upya, kazi inayomeza gigabaiti kadhaa za diski na muda mrefu wa prosesa, ilhali huenda LLVM hiyohiyo imeshasakinishwa pamoja na mfumo wa kompyuta.

Kwa hiyo, kabla ya kupakua chochote, kagua kilichopo. Amri ya `command -v clang` huonyesha mahali ilipo Clang, kompaila ya LLVM inayogeuza msimbo wa C na C++ kuwa programu, na `llvm-config --version` hutaja toleo la LLVM. Linganisha toleo hilo na linalodaiwa na mradi, kwa sababu violesura vya C++ vya LLVM hubadilika kati ya toleo kuu moja na jingine, na programu iliyoandikiwa toleo la 14 yaweza kukataa kujengwa kwa la 15. Kuwapo kwa maktaba ya kuendeshea programu pekee hakutoshi. Faili za vichwa, zinazoieleza kompaila yaliyomo katika maktaba, zinahitajika pia, nazo katika Debian huwekwa kwenye kifurushi chake, ambacho jina lake huishia na `-dev`.

Vitu vyote vikiwapo, uelekeze mradi huko waziwazi, kwa mfano kwa CMake, zana ya kuandaa ujenzi wa programu:

`cmake -S . -B jenga -DCMAKE_CXX_COMPILER=clang++ -DLLVM_DIR="$(llvm-config --cmakedir)"`

Kwa miradi ya C inayotumia zana ya ujenzi ya Make, `make CC=clang` kwa kawaida hutosha.

Hapa pana mtego ulionipotezea mchana mzima: CMake huhifadhi kompaila iliyoiona mara ya kwanza katika faili la `CMakeCache.txt`, na kubadilisha kigeu cha mazingira cha `CC`, kinachotaja kompaila, baadaye hakubadilishi lolote. Futa folda ya `jenga`, kisha uanze upya.

Bison na Flex, zana za kuzalisha msimbo wa kuchanganua matini, nazo huweza kuepukwa, kwani vifurushi rasmi vya matoleo mara nyingi huja na faili ambazo zana hizo zimekwisha kuzizalisha, tofauti na msimbo unaochukuliwa moja kwa moja kutoka Git.

Mwishoni endesha `ldd`, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, juu ya programu iliyojengwa. Ukiona mstari wa `libLLVM`, programu inatumia maktaba ya mfumo wakati wa kuendeshwa, na siku toleo hilo litakapoondolewa itakataa kuwaka mpaka uijenge tena.