Somo: Kishada kimoja cha bogenvilia, picha mbili

Leo tuache mawaridi ya dukani. Tafuta mbogenvilia, ule unaomwagika juu ya kuta za mitaa yetu hapa Mombasa, tunaoupita kila siku bila kuutazama.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kutoa simu. Zile karatasi za zambarau si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kineli chembamba chenye mdomo mweupe, na kwa kawaida huwa vitatu pamoja, kila kimoja kimeshikana na jani lake. Hapo ndipo pa kulenga.

Hatua ya 2: Mwanga. Toka kabla ya saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Mchana jua letu huwa utosini na huzifuta rangi.

Hatua ya 3: Mahali unaposimama. Hili ndilo somo lenyewe, usiliharakishe. Chagua kishada chenye kitu nyuma yake, tuseme mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, mita 2 nyuma ya kishada. (Ni nyumba ya watu, kwa hiyo piga hodi uombe ruhusa.)

Picha ya kwanza, simama nusu mita kutoka kwenye kishada. Kitajaa kwenye picha, na mlango utaonekana mdogo, uko mbali. Sasa rudi nyuma hadi mita 2, kisha vuta kwa kamera mpaka kishada kiwe na ukubwa uleule. Mlango umekuwa mkubwa na umesogea, kama unaliegemea ua.

Wengi husema ni lenzi iliyousogeza. Sivyo. Mwanzo mlango ulikuwa mita mbili na nusu kutoka kwako, yaani mara 5 ya umbali wa kishada. Uliporudi nyuma, ukawa mita 4, mara 2 tu. Ni miguu yako iliyobadilisha picha. Kuvuta kumekata pembeni mwa picha tu.

Hatua ya 4: Fokasi. Gusa kioo penye kile kineli, ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Upepo ukivuma, ukinge kwa mwili wako.

Maswali ya wanachama

*Maalim, simu yangu ni ya zamani, nikivuta picha inachafuka.*
Usivute. Piga kutoka mita 2 vilevile, kisha ukate pembeni baadaye. Mpangilio wa ua na mlango hautabadilika hata kidogo.

*Ipi basi ndiyo picha ya kweli?*
Zote mbili. Kila moja inasema ukweli wa mahali ulipokuwa umesimama, ndiyo maana nataka mzilete pamoja.

*Asumini yangu inatoka nyeupe tupu, petali hazionekani.*
Asumini hufunguka jioni, basi isubiri wakati huo, uiweke kivulini na kanga nyeusi au majani ya mrehani nyuma yake. Shusha mwanga mpaka mikunjo ya petali ionekane.

*Na yale maua ya zambarau yanayotambaa mchangani ufuoni? Nikipiga yanalala bapa.*
Kwa sababu unayapiga ukiwa wima. Geuza simu juu chini ili lenzi iguse karibu na mchanga, uelekeze mbinguni kidogo. Nenda asubuhi, maana mchana huwa yamekwisha kusinyaa.