Unataka kuwa wakili wa patenti za AI na dawa, nawe uko Malindi? Anzia hapa

Vijana wetu wanaosoma biolojia ama kompyuta wanaambiwa wataishia hospitali, darasani, ama kufungua kibanda cha kurekebisha simu pale mjini. Kazi ya patenti, yaani haki ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, hakuna anayewatajia, na hii kazi inawataka wao hasa, mtu anayeelewa jeni, anayeelewa programu inafunzwa vipi kwa data, alafu awe na subira ya kukaa na sentensi moja asubuhi nzima.

Sayansi kwanza, sheria inaweza kufuata. Marekani huruhusiwi kufanya mtihani wa ofisi ya patenti bila msingi wa sayansi ama uhandisi, ukifaulu bila uwakili unakuwa ajenti, yaani mtu wa kuwaombea wengine patenti, ukiwa nao ndo unaitwa wakili wa patenti. Ulaya pia wana mtihani wao na bila sayansi hawakutaki. Kwetu wanaosajili maajenti ni KIPI, taasisi ya serikali inayotoa patenti Kenya, na sheria yetu ni ile ya mwaka 2001, vifungu vya 21 mpaka 26 visome mpaka vikuzoee. Digrii si lazima uifuate Nairobi, Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, nao wako na watafiti wao Kilifi hapohapo, ni matatu moja tu.

Ukingojea digrii anza na kozi ya DL-101 ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ya mtandaoni na ni bure. Alafu ingia Patentscope ama Espacenet, tovuti za kutafutia patenti, bure pia, tafuta mwarobaini kwa jina lake la kisayansi, Azadirachta indica. Utashangaa vile mti wa nyuma ya nyumba una makaratasi. Kuna patenti moja ya Ulaya, ya kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ya mafuta ya mwarobaini kuzuia ukungu kwa mimea, ilipingwa kwa hoja kwamba India walikuwa washaitumia njia hiyo, ikafutwa mwaka 2000, wakakata rufaa, 2005 wakashindwa tena. Soma hizo faili ukianza na madai, yaani ile sehemu yenye namba inayosema mwenye patenti anadai nini hasa. Maelezo marefu ya mwanzoni utayarudia baadaye.

Madai ndo kazi yenyewe. Tuseme mteja amekuja na programu inayosoma slaidi ya damu kutafuta malaria. Mwanafunzi ataandika: "Njia ya kutambua malaria kwa akili mnemba." Hiyo haifiki popote, manake kifungu cha 21 kinatoa nje njia za kupima magonjwa na pia hesabu tupu. Lakini vitu vinavyotumika kwenye hizo njia havijatolewa, kwa hivyo unaingilia mlango huo: "Kifaa chenye kamera, taa inayobadilisha rangi, na kichakataji kinacholinganisha picha mbili za sehemu ileile zilizopigwa kwa rangi tofauti, kikaondoa madoa yanayoonekana kwenye picha moja tu, kabla ya kuhesabu vimelea." Sasa rudi neno kwa neno. Ukiandika "taa ya buluu" mshindani anaweka ya kijani anapita zake. Ukiandika "simu" badala ya "kamera" umemwachia kamera ya hadubini. Watu wa Malindi kesi za mashamba tunazijua, bikoni ikikaa vibaya siku ya kwanza utalia nayo miaka, na patenti ni miaka 20.

Upande wa dawa kuna mtego mwingine. Akili mnemba inaweza kukutolea molekuli elfu kwa usiku mmoja na maabara imejaribu tatu, mteja atataka adai zote elfu. Mpe kesi ya Amgen na Sanofi, kampuni mbili za dawa, Mahakama ya Juu ya Marekani 2023, madai mapana ya kingamwili (protini za kinga ya mwili) yalianguka kwa sababu maelezo hayakumwezesha mtu kuzitengeneza zote. Na kesi ya Myriad ya 2013 usiiruke, jeni ilivyo mwilini Marekani haipewi patenti.

Muulize mteja pia nani aligundua nini. Mtafiti wa kompyuta Stephen Thaler alijaribu kuandikisha mashine yake ya akili mnemba, DABUS, kama mgunduzi, Afrika Kusini ikapita 2021, lakini mahakama za Marekani 2022 na Uingereza 2023 zikasema mgunduzi lazima awe binadamu. Kwa hivyo mwambie aweke daftari lenye tarehe, nani alichagua data, nani aliona matokeo akasema hii ndo yenyewe.

Na mkataze kuposti uvumbuzi wake kabla ya kuomba patenti. Kenya inakupa miezi 12 ya kuomba baada ya kujitangazia mwenyewe, Ulaya kwa kawaida haikupi hata siku, video moja ya TikTok imemaliza soko lote lile.

Ajira? Mwombaji wa nje akitaka patenti Kenya lazima apitie ajenti wa hapa, huko ndiko ofisi za Nairobi zinakopata kazi nyingi. Ombeni nafasi hizo za kuanzia, hata za kupanga faili na kuhesabu tarehe, miezi 12 ya Mkataba wa Paris (kuomba nchi nyingine kwa tarehe yako ya kwanza), miezi 30 ya PCT (mkataba wa ombi moja kwa nchi nyingi), huko ndo utaona madai mia yakipingwa na kurekebishwa. Baadaye kuna shahada ya uzamili ya haki miliki ya ARIPO, shirika la haki miliki la nchi za Afrika, na Africa University, Mutare, Zimbabwe. Na ukishapata dawati, zile chatibot za bure tumia kujisomea tu, uvumbuzi wa mteja usiubandike humo hata aya moja kabla ombi halijaingia.