Kujenga banda la nguruwe kandokando ya Ziwa Victoria: anza na mahali pa kulala

Wafugaji wengi wa Kisesa, Usagara na Buswelu wanaoniomba ushauri huanza kwa kuuliza idadi ya matofali na mabati. Mimi huwaomba tuanze na swali jingine: nguruwe atalala wapi, na haja ataifanyia wapi? Nguruwe aliyepewa nafasi huzitenganisha sehemu hizo mwenyewe. Hulala pakavu pasipopigwa na upepo, na haja huifanyia penye unyevu na ubaridi. Banda likimnyima uchaguzi huo, atalala juu ya kinyesi chake, na mfugaji atabaki kutibu vidonda vya miguu na kuharisha kwa watoto mwaka mzima. Vipimo vinavyofuata vinamfaa mwenye majike mawili hadi matano.

Hatua ya kwanza: eneo na mwelekeo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Binafsi hupenda kusogea mbali zaidi ya hapo, kwa sababu kinyesi kinachofika ziwani hulisha magugu maji ambayo tayari yanawatesa wavuvi wetu. Kwenye miteremko ya mawe, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mwanza, chimba mfereji upande wa juu wa banda kabla ya kuchimba msingi, kwani maji ya masika hushuka kwa kasi juu ya miamba na yanaweza kupita katikati ya vyumba. Zungumza pia na majirani mapema, hasa wale ambao dini yao inawakataza nguruwe.

Elekeza urefu wa banda mashariki na magharibi. Jua la asubuhi na la jioni litapiga kuta fupi tu, na kwa kuwa sisi tuko kusini mwa ziwa, upepo wa mchana utokao majini utaingia kupitia upande mrefu wa kaskazini.

Hatua ya pili: kugawa chumba

Chumba cha jike mmoja mwenye watoto nakijenga kwa upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 4. Mita 2.5 za urefu huo ni za kulala na kulia, chini ya paa lisilovuja, mita 1.5 zilizobaki ni za haja, nazo huwa chini kidogo. Sehemu ya kunywea maji lazima iwe upande wa haja. Katika banda langu la kwanza niliweka bomba karibu na hori, nikidhani kwamba chakula na maji vinapaswa kukaa pamoja. Sakafu ya kulalia ilikuwa imelowa kila siku, nguruwe wakaigeuza choo, na ndani ya miezi michache nilikuwa nimepoteza watoto kwa kuharisha. Nilipohamishia bomba upande wa pili, walibadilisha tabia yao wenyewe bila kufundishwa. Jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, kwa hiyo tanki ni sehemu ya ujenzi.

Hatua ya tatu: sakafu

Mwaga zege kwa mteremko wa sentimita 3 kwa kila mita, kutoka mahali pa kulala kuelekea mfereji wa haja. Mwambie fundi asiisugue mpaka ing'ae. Apitishe ufagio mgumu kabla zege halijakauka, ili kwato zishike. Zege lenye kokoto zilizochomoza nalo ni baya, kwani huchubua magoti ya watoto wanaponyonya. Juu ya sehemu ya kulala tandaza nyasi kavu au maranda, na uyabadilishe kila yanapolowa.

Hatua ya nne: mahali pa kuzalia

Hapa ndipo ugumu mkubwa ulipo, kwa sababu mama na watoto wanahitaji hali mbili tofauti ndani ya chumba kimoja. Mtoto aliyezaliwa leo anahitaji joto la nyuzi 32 hivi, ilhali mama yake huanza kuhema joto likipita nyuzi 25, na mchana wetu hufika 28 bila shida. Jenga kwenye kona kisanduku cha mbao chenye mfuniko na mlango mdogo ambao mama hawezi kuupita, kiwe na nyasi nyingi ndani, na taa ya joto pale penye umeme wa uhakika. Jiko la mkaa lisiingizwe humo kamwe.

Kando ya kuta tatu funga bomba la chuma au mrunda imara, sentimita 25 kutoka sakafuni na sentimita 25 kutoka ukutani. Jike anapojilaza huteleza akiegemea ukuta, na mtoto aliyebanwa hapo hupata nafasi ya kuponea. Mhamishie jike chumba hiki wiki moja kabla ya kuzaa, ukihesabu siku 114 tangu apandwe, na umpe nyasi ndefu, kwa sababu siku ya mwisho atataka kutengeneza kiota. Baadhi ya wafugaji huniomba niwachoree vizimba vya chuma vya kumfungia jike katika kipindi chote cha mimba asiweze hata kugeuka. Siwachorei. Uingereza ilivipiga marufuku vizimba hivyo mwaka 1999.

Hatua ya tano: paa, kuta na joto

Nguruwe hatoi jasho la kutosha kupoza mwili wake. Inua paa hadi mita 2.5, weka dari ya mianzi au matete chini ya bati, na ukuta uishie mita 1.2 ili upepo upite juu yake. Upande wa haja jenga beseni la zege lenye kina cha sentimita 20 ambamo anaweza kulala majini; beseni hilo lizibwe na kukauka siku za kuzaa, kwani mtoto mdogo huzama. Ziba kila ufa ukutani kwa saruji, maana papasi wanaoweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika hujificha humo, na ugonjwa huo hauna tiba. Kwa sababu hiyohiyo, banda liwe na uzio, lango moja, na viatu visivyotoka nje ya uzio.

Hatua ya sita: nguruwe wanaokua

Umoja wa Ulaya unataka angalau mita za mraba 0.65 kwa nguruwe wa kilo 85 hadi 110. Kwa joto letu natoa mita 1.2, pamoja na majani ya viazi na magogo laini ya kufukua kwa pua. Wanaokosa nafasi na shughuli hutafunana mikia.

Hatua ya saba: kulikagua banda

Wiki mbili baada ya kuwaingiza, nenda saa nane mchana, kisha saa kumi alfajiri, utazame wanavyolala. Wakirundikana, upepo unawapiga, hivyo inua ukuta upande huo au ongeza nyasi. Wakijinyoosha mbalimbali wakihema, paa halitoshi. Wakilala kwenye haja wakati wa mchana, sehemu ya kulala ina joto au imebana. Vunja ukuta mfupi na uipanue kabla jike mwingine hajazaa.